Yaya, Mtoto Amefungwa Hogo

Yaya wangu,

Ile picha niliyokutumia kabla ya Krismasi, ukaniandikia kwamba suruali ya mtoto ni nzuri lakini mbona amepanuliwa miguu hivyo, sikuijibu kwa sababu jibu lake halikuwa la kuandika kwa kidole gumba ndani ya basi. Ile si suruali, Yaya. Ni hogo, gamba gumu la kufungia mifupa. Kwetu Kabambare, Kongo, tumezoea kusema kwa Kifaransa, plâtre. Neno hogo nililiokota kambini Nyarugusu, kwa Watanzania, na hapa Lexington ndilo linalotembea, maana wengi wetu tumepitia kambi ile. Linaanzia chini kidogo ya chuchu, linabana kiuno, linashuka na miguu yote miwili hadi kwenye vifundo. Kilichobaki nje ni kichwa, mikono na vidole vya miguu. Katikati wameacha uwazi wa haja. Rangi ya waridi aliichagua binti yangu mkubwa, kwa kuwa hapa daktari anakuuliza rangi kama muuza ndoo sokoni.

Amekaa humo wiki 12. Juzi limekatwa, ndiyo maana leo nina mikono miwili ya kukuandikia.

Tatizo lilikuwa nyonga ya kushoto. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo ambacho hutakiwa kukaa ndani ya kikombe cha nyonga, kama mchi ndani ya kinu. Cha kwake kilikuwa kimetoka, na kikombe chenyewe kimebaki kifupi kama kisahani kwa sababu hapakuwa na mchi wa kukichimba. Mtoto halii, hana homa, ananyonya vizuri. Usingejua. Alizaliwa Mei kwa upasuaji kwa kuwa alikuwa ametanguliza matako, na madaktari wa hapa wanajua kwamba msichana aliyekaa hivyo tumboni anastahili kupimwa nyonga kwa ultrasaundi akifika wiki sita hivi. Barua ya miadi ilikwenda kwenye nyumba tuliyohama. Kosa langu, sikubadilisha anwani. Akafika miezi sita, daktari akamlaza chali siku ya chanjo, akamkunja magoti, akaona goti moja liko chini ya jingine na paja la kushoto halifunguki. Mtoto wa wiki chache angevalishwa mikanda laini ya kitambaa, ile aliyoibuni daktari Mcheki aitwaye Arnold Pavlik, na kwa walio wengi mambo huishia hapo. Wetu wa miezi saba walimlaza usingizi, wakamkata kano ndogo kwenye kinena, wakaurudisha mfupa mahali pake huku wakiutazama kwenye skrini, kisha wakamfunga asiweze kuutoa tena.

Ninachotaka kukuambia hasa ni mkao wake. Waliponiletea mtoto kutoka chumba cha upasuaji nilinyamaza, na si kwa huruma peke yake. Mapaja yamefunguliwa, magoti yamekunjwa, nyayo zinatazama pembeni. Yaya, ule ni mkao wa mgongoni! Ndivyo ulivyonibeba mimi ukienda mtoni. Hawa watu wametumia dawa ya usingizi, mashine ya picha na fibaglasi ili kumweka mtoto vile kikwembe cha kumbebea kinavyomweka bure.

Nilimweleza daktari, akasema sikukosea sana. Malawi, watafiti walipekua kumbukumbu za kliniki za mifupa za miaka kumi, tangu 2002 hadi 2012, watoto zaidi ya 40,000, hawakumkuta hata mchanga mmoja aliyeletwa kwa nyonga ya namna hii. Mwaka 2015 wakaandika kwamba huenda mgongo wa mama ndio unaowakinga. Japani nako walikuwa na desturi ya kuwafunga wachanga miguu ikiwa imenyooshwa. Kampeni ya kuiacha miguu huru ilipoanza mwaka 1975, ugonjwa ukapungua sana.

Na mimi nilifanya nini? Nilimfunga blanketi kama kwanga kwenye jani, miguu imenyooka, imebanana, kwa sababu ndivyo nilivyoona wengine wakifanya, na akifungwa hivyo alikuwa analala. Mgongoni sikumbeba. Kidonda cha upasuaji kilikuwa kibichi. Halafu kikaja kigari, zawadi ya jirani. Halafu nikarudi kazini. Na tusidanganyane, Yaya, nilikuwa naona haya kuingia Walmart na mtoto mgongoni. Daktari anasema nisijilaumu, kwamba kuwa msichana na kutanguliza matako ndiyo mambo yenye uzito. Namwamini, kiasi. Sisemi kikwembe kingemponya. Nasema nilikikunja nikakiweka chini ya sanduku kwa sababu isiyo na maana.

Sasa kazi.

Mimi nafua mashuka ya hoteli, naingia saa moja asubuhi, natoka saa tisa alasiri. Shemeji yako yuko kwenye ghala, anaendesha ile mashine ya kuinulia mizigo, saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Tulipanga zamu hizo makusudi, ili mtoto asikose mzazi nyumbani. Kwa mtoto mzima mpango ule ulifaa: baba analala, mtoto analala, wakiamka wanacheza. Mtoto wa hogo hafuati mpango huo. Anageuzwa kila baada ya saa mbili ili hogo lisimchome mahali pamoja. Pampasi yake inabadilishwa kwa muda huohuo, na si pampasi moja: ndogo unaichomeka kwa vidole ndani ya ule uwazi, kubwa unaifunga kwa nje. Mkojo ukipenya kwenye pamba ya ndani, umekwisha, hogo halifuliwi. Chakula anapewa kidogo kidogo, mara nyingi, maana tumbo halina pa kutanukia. Unamtazama vidole vya miguu, unabonyeza kucha uone damu inarudi. Mtu aliyetoka kuinua mizigo usiku kucha hawezi hayo. Wiki ya pili shemeji yako alisinzia juu ya mashine kazini, akashtuka imegusa rafu. Hakuna aliyeumia. Msimamizi akampa karatasi ya onyo, na onyo la pili ni mlango.

Utasema, ombeni likizo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi wiki 12 kwa mwaka kwa ajili ya uzazi au ugonjwa wa mtoto, bila mshahara, na hiyo ni kama mwajiri ana wafanyakazi wasiopungua 50 na wewe umetimiza kwake miezi 12. Zangu nilizimaliza zote alipozaliwa. Shemeji yako alikuwa amehamia ghala hilo Septemba. Kwa hiyo sheria ipo, imeandikwa vizuri, na kwetu ilikuwa kibuyu kitupu. Ajabu ni kwamba Kanuni ya Kazi ya Kongo, ya mwaka 2002, inampa mama wiki 14 na theluthi mbili za mshahara. Kwenye karatasi Kongo imeipita Marekani! Ila pale Kabambare wenye barua ya ajira unaweza kuwazungukia kwa asubuhi moja: walimu, wauguzi, watu wa territoire, yaani utawala. Waliobaki wanajifungua na kurudi shambani. Lakini shambani mtoto anakwenda nao.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jina lako.

Kabla ya kuturuhusu tuondoke hospitali, mama mmoja wa ustawi wa jamii alikaa na sisi, mkalimani akiwa kwenye simu. Kwa sauti, mkalimani alikuwa mtu wa Mombasa, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akauliza: wazazi mkirudi kazini, nani atabaki na mtoto? Nikajibu, "Yaya wake." Mkalimani akatafsiri, yule mama akatabasamu, akaandika. Akauliza kama yaya ana uzoefu. Nikasema tangu mtoto azaliwe yeye ndiye anayembeba. Akafurahi zaidi. Akasema basi yaya naye afike kesho afundishwe kumnyanyua, na je, anapatikana saa ngapi? Nikasema akitoka shule.

Mkalimani hakutafsiri. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mwenyewe, kwa upole, "Mama, huyo yaya ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

Nilieleza, mkalimani akaeleza, yule mama akakata alichoandika kwa mstari mmoja ulionyooka. Kwa watu wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, yaya ni mtu anayelipwa kulea mtoto wa mwingine. Kwetu yaya ni aliyekutangulia kutoka tumboni. Nilicheka nilipofika nyumbani, nikamwambia binti yangu kwamba amekosa kazi. Baadaye usiku sikucheka tena. Nilikukumbuka wewe ukiwa na miaka tisa, mimi mgongoni kwako, kikwembe cha mama kimekuzunguka mara mbili kwa wembamba wako. Hakuna aliyekuuliza uzoefu. Na darasa la tatu ulilirudia kwa sababu mama alikuwa sokoni na mimi nilikuwa na surua. Hilo hatujawahi kulizungumza. Basi nalisema leo, hadharani, kwenye safu inayosomwa na watu: maneno yale mawili yana kazi moja, tofauti ni kwamba yaya wa Mombasa analipwa, na wewe ulilipa.

Kwa hiyo yule mama wa ustawi alikuwa na haki kukata mstari wake. Binti yangu amebaki shule.

Tukatafuta deikea, ndivyo tunavyoviita hapa vituo vya kulelea watoto mchana. Sitakutajia jina la hata kimoja. Cha kwanza kilikuwa na foleni ya miezi. Cha pili kilikubali kwenye simu, nilipompeleka wakamwona, wakasema watanipigia, bado nangoja. Cha tatu mkuu wake alitupokea, akatukaribisha chumba cha wachanga, akatuonyesha kitanda chenye magurudumu. Siku ya moto, alisema, wachanga wote wanawekwa humo wanasukumwa nje kwa mara moja, na mtoto aliyetanuka hivi hatoshei na wenzake. Tena Kentucky mlezi mmoja anaruhusiwa kuwa na wachanga watano. Nani atawageuza wanne wakati anachomeka pampasi ya wa tano? Sikuwa na jibu. Alikuwa anasema ukweli, na ukweli wake ulinifungia mlango.

Jamaa mmoja anayezijua sheria aliniambia ipo ya mwaka 1990, inayovikataza vituo vya binafsi kumfukuza mtoto kwa ulemavu bila kwanza kuangalia kama wanaweza kumsaidia, kwa hiyo nilalamike. Nilimuuliza malalamiko huchukua muda gani. Akasema miezi. Hogo lilikuwa na wiki kumi zilizobaki. Sikulalamika, na sijui kama nilifanya vizuri, maana mama atakayenifuata na mtoto wa hogo ataonyeshwa kitanda kilekile.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa Kasongo. Unawajua watu wa Kasongo: hata akiwa mkimbizi ng'ambo ya bahari atakusahihisha Kiswahili chako kwa sababu mji wao ulikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar. Amepita miaka sitini na tano, mjane, anakaa ghorofa ya chini kwa mwanawe dereva wa lori. Alipanda ngazi na sahani ya sombe kuja kutoa pole, akamtazama mtoto, akaligonga hogo kwa kidole kama anayepima boga. Akaguna.

"Fundi wa mifupa wa kwetu," akasema, "anafunga vijiti vya mianzi, na kila siku chache anafungua, anakanda, anaangalia. Ninyi mmeziba. Ndani kukioza mtajuaje?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa tangu ugonjwa uanze, mimi mwenyewe sikuwa nimemuuliza daktari. Nikampigia muuguzi. Jibu likawa: kwa pua. Kila siku unusie pembezoni mwa hogo. Harufu ya mkojo ni ya kawaida, harufu ya kitu kilichooza ni ya kumleta mtoto mbio. Na umulike ndani kwa tochi. Bibi aliposikia kwamba chombo kinachohitajika ni pua, alisema hicho anacho, na kuanzia Jumatatu mtoto ashushwe kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Usidhani ni bibi wa kukisia-kisia. Mtoto wake wa kwanza alimzaa enzi za Mradi wa Kasongo, ule walioanzisha madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp mwaka 1971, wa vituo vidogo vya afya karibu na watu, mizani ya watoto na chanjo ya surua, ambao ulikuja kuwa mmojawapo wa mifano Zaire ilipogawanywa katika zones de santé, yaani kanda za afya, miaka ya 1980. Alikuwa anapanga foleni na kadi ya mtoto ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa hiyo nilipompa karatasi ya hospitali yenye vidole, harufu, homa na saa za kumgeuza, hakushangaa. Aliibandika kwenye jokofu, akamwambia mwanawe amwandikie kwa Kiswahili, akawa anatia alama kwa kalamu nyekundu. Siku moja nilichelewa basi, nikafika saa kumi na moja, nikakuta alama zote, na pembeni mwanawe ameandika alivyoambiwa na mama yake: "Amenyea ndani kidogo, nimepangusa, nimekausha kwa kipepeo cha baridi, hajambo."

Kumkalisha ndiko kulikotushinda sisi. Kiti cha chakula hakimuingii. Kigari hakimuingii. Hata kiti cha garini hakikumuingia, hospitali ikatuazima kipana, na sheria hapa hairuhusu mtoto mdogo kusafiri bila kiti. Bibi alichukua beseni la kufulia, akatia mto mmoja chini na nguo kuukuu pembeni, akamkalisha humo akimwegemeza mgongo, miguu imening'inia huku na huku. Mtoto akaanza kupiga beseni kama ngoma. Vinginevyo alimpakata: yeye kwenye kiti, mtoto amepanda paja lake kama farasi. Na mji huu, Yaya, ni mji wa farasi, mashamba yao yamezungushiwa uzio wa mbao maili kwa maili. Mchana bibi alikuwa anamsogeza dirishani na kumwambia wenzako wale.

Siku moja nikamkuta amemtia mgongoni.

Nilipiga kelele. Akasema hogo limeshafanyiza mkao, kilichobaki ni kufunga tu, na mtoto alikuwa anasinzia huko juu kwa mara ya kwanza mchana ule. Nilimpeleka bibi mwenyewe hospitali miadi ya katikati ya Januari, siku hogo lilipobadilishwa. Mtaalamu wa viungo alimwomba aonyeshe anavyofunga. Akatazama kwa makini, akamwambia afunge tena. Kisha akasema: ubavuni ukiwa umekaa, sawa. Mgongoni hapana, uzito wa hogo unavuta nyuma, na nje kuna barafu. Ukiteleza mnaanguka wawili. Bibi hakupinga. Njiani aliniambia yule kijana ana akili, ila mikono yake haijawahi kulea.

Malipo. Kwanza alikataa, akasema sisi ni watu wa Maniema, pesa ya nini. Nilimwambia nikimlipa mzungu wa deikea na nikamlipa yeye kwa asante, basi mimi ndiye niliyekuacha wewe darasa la tatu. Hakuelewa, nawe sasa unaelewa. Tulipatana dola 120 kwa wiki, Ijumaa kwa Ijumaa. Ni kidogo, najua, lakini ndizo tulizokuwa nazo baada ya kodi ya nyumba. Kentucky inamruhusu mtu kulea nyumbani watoto wasiozidi watatu wasio ndugu zake bila cheti, kwa hiyo hatukuvunja sheria ya mtu. Undugu ni wa kuleta sombe. Ukiugeuza kuwa siku tano kwa wiki, kwa wiki kumi, bila senti, huo una jina jingine.

Zamu ya usiku ilikuwa yangu. Namgeuza, nanusa, nachomeka pampasi, halafu usingizi unakataa. Nikawa nasoma kwenye simu habari za kwetu, saa tisa usiku huku, saa nne asubuhi kwenu. Je, wajua kwamba Kabambare iliwahi kuwa wodi? Mwaka 1870 yule mmisionari Livingstone, ambaye kwenye daftari zake aliiandika Bambarre, alikwama huko miezi kwa vidonda vya miguu, hawezi kutoka kibandani. Aliandika kwamba dawa iliyomfaa ni malakiti, lile jiwe la kijani, likisagwa na maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa na mfupa uliovunjwa na simba Afrika Kusini mwaka 1844, ukaungika vibaya. Maiti yake ilipofikishwa London mwaka 1874 waliitambua kwa mfupa huo. Mtu alivuka bara zima na mfupa ambao hakuna aliyeufunga vizuri. Nikamtazama wangu amelala amefungwa mpaka kifuani, hasira zangu na hogo zikapungua kidogo.

Sasa lile uliloniuliza, mtoto wa jirani yako aliyezaliwa nyayo zimegeukia ndani. Huo si ugonjwa wa nyonga, ni mwingine, na habari njema ni kwamba mara nyingi hauhitaji kisu kikubwa. Aliyeuwekea utaratibu ni daktari Mhispania, Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi jimbo la Iowa huku Marekani: unaunyoosha mguu taratibu kwa mkono, unaufunga hogo, wiki ijayo unafungua unanyoosha zaidi, unafunga tena, mara tano au sita hivi, kisha mara nyingi wanakata kidogo kano ya kisigino, na mtoto anavaa viatu vyenye chuma katikati, baadaye usiku tu, kwa miaka. Wazazi wengi wanashindwa kwenye hivyo viatu, kwa kuwa mguu unaonekana umepona. Mwambie mama yake asingoje mtoto atembee. Aanzie hospitali kuu hapo Kabambare, aombe karatasi ya rufaa, aulize Kasongo kabla ya pengine. Goma ipo hospitali ya HEAL Africa, aliyoianzisha mpasuaji wa mifupa, Jo Lusi, pamoja na mkewe Lyn mwaka 2000. Lakini mji umo mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari 2025 na Bukavu ikafuata Februari, siwezi kukaa hapa kwenye joto la mashine nikamwambia mtu mwenye mchanga ashike njia ile. Na kama fundi wa mifupa wa mtaa ameshamfunga vijiti, asivikaze; aangalie vidole, vikiwa baridi au vimebadilika rangi, afungue hapohapo, usiku huohuo.

Juzi, basi, wamelikata. Msumeno wake unapiga kelele kama wa mbao lakini haukati ngozi. Mtoto alilia, mimi nikalia, bibi wa Kasongo akatuambia wote wawili tunyamaze. Miguu imetoka myembamba, ngozi inabanduka kama ya kitunguu. Picha ya eksirei inaonyesha mchi uko ndani ya kinu. Atavaa gango la plastiki usiku kwa miezi kadhaa, na Juni atapigwa picha nyingine. Hapo ndipo tutajua kama kikombe kinachimbika au itabidi apasuliwe. Akilazwa bado anafungua mapaja mwenyewe, kama vile hogo lingalipo.

Mtaalamu wa viungo amesema sasa mgongoni ruhusa. Nimefungua sanduku, kikwembe nilichotoka nacho kambini kimeliwa na panya tangu Nyarugusu, sikujua. Ukimpata mtu anayevuka kwenda Kigoma, kwa kina shangazi, nitumie viwili, shangazi atavifikisha. Viwe vya pamba nzito, si hivi vinavyoteleza vinavyouzwa hapa. Kimoja ni cha bibi. Vikate virefu, mtoto ana kilo tisa.